Bibi Hakuja Harusini, Msimbandike

Tunaandika makala haya tukijua kuwa yatawaudhi baadhi ya watu tunaowaheshimu, na wengine wao ni wateja wetu. Sisi ni wale watatu wanne mnaotuona katika kila harusi, maulidi na mahafali ya jumuiya yetu hapa Uingereza, tumening'iniza mabegi meusi mabegani, tunawaomba msogee kidogo kulia na mnyanyue videvu. Hatuishi kwa kazi hii. Kila mmoja wetu ana kibarua chake cha siku za wiki, na kamera hutoka Jumamosi na Jumapili. Lakini picha zilizomo kwenye fremu za sebule zenu, nyingi ni za mikono yetu, na kwa hiyo lawama tutakayoitoa hapa inaanzia kwetu kabla ya kuwafikia nyinyi.

Miaka kumi na kitu iliyopita tulipiga picha harusi ya kijana wetu mmoja. Bibi yake, mzaa baba, ndiye aliyemlea Unguja mpaka akatimia miaka kumi. Bibi aliomba viza ya kuja wiki mbili tu, akanyimwa. Alikuwa ameshashona nguo, ameshanunua na udi wa kuleta. Usiku wa harusi alipigiwa simu, akasikia vigelegele kwa mbali, mara laini ikakatika. Wiki iliyofuata familia ikatuletea picha yake iliyopigwa kwenye shughuli nyengine huko nyumbani, na ombi lao lilikuwa fupi: "Tuwekeeni bibi pale katikati, baina ya bwana harusi na mama yake."

Mmoja wetu alikaa jioni mbili mbele ya kompyuta. Alimkata bibi kutoka kwenye ile picha yake, akampachika ukumbini, akailinganisha rangi ya ngozi na rangi ya taa, akamtilia kivuli miguuni. Hata mkono wa bwana harusi aliusogeza, uonekane umemshika bibi bega. Kazi ilitoka safi. Familia ililia kwa furaha, na sisi tukajipiga vifua.

Bibi amekwishatangulia mbele ya haki. Kwenye hitma iliyosomwa hapa, ile picha ilitolewa ikapita mkono kwa mkono. Mtoto wa yule bwana harusi, binti wa miaka saba, akaishika na kutangaza kwa fahari kuwa bibi yake baba alikuja kwenye harusi, akapiga picha, halafu akarudi kwao Unguja. Watu wazima wakatazamana. Hapana aliyemsahihisha. Mama mmoja akasema, "Ndiyo, mwanangu," na mazungumzo yakaendelea. Sisi tulikuwepo. Tukanyamaza pamoja na wengine, kwa sababu uongo ule tuliutengeneza wenyewe.

Basi tunasema wazi, bila ya kuzungukazunguka. Kumbandika mtu kwenye shughuli ambayo hakuhudhuria, kwa ustadi wa kumfanya mtazamaji asijue, ni kughushi. Tukighushi cheti cha kuzaliwa tunafungwa. Tukighushi picha ya familia tunapewa sahani ya biriani ya kwenda nayo nyumbani. Tunataka tabia hii ikome. Na tunasema jambo la pili: kamera nyingi tulizonazo zina njia nyengine ya kumleta asiyekuwepo ndani ya picha bila ya kudai kuwa alikuwepo. Njia hiyo imelala ndani ya menyu, na wengi wetu hatujawahi kuifungua. Ni ile ya kupiga picha juu ya picha. Kwenye menyu huandikwa kwa Kiingereza "Multiple exposure".

Hebu tuieleze kwa wasioijua. Wakati wa mkanda, kamera nyingi za kale zilitenga kazi mbili: kufyatua, na kusogeza mkanda. Ukisahau kusogeza, picha ya pili huangukia juu ya ile ya kwanza. Wengi wetu tumeziona picha za namna hiyo kwenye masanduku ya wazee: shangazi anatembea ndani ya maji ya Forodhani bila ya kulowa, mtoto ameota mnazi kifuani. Tukizicheka na kuzitupa, tukiziita zilizoharibika.

Kamera ya dijitali haina mkanda wa kusahau, kwa hiyo waliozitengeneza walilirudisha kosa hilo kwa makusudi. Nikon D200 iliyotoka mwaka 2005 iliweza kuunganisha mpaka picha 10 kuwa moja. Canon walichelewa, kwao jambo hili lilikuja na kamera kama EOS 5D Mark III ya mwaka 2012, ambayo huunganisha kuanzia 2 mpaka 9. Unaiambia kamera unataka picha ngapi, unapiga ya kwanza, unapiga ya pili, na kamera yenyewe inachanganya mwanga wa zote na kukupa faili moja. Hapana mkasi, hapana gundi.

Sheria yake ni moja, na ukiielewa umeelewa kila kitu: mwanga hujumlika. Ukipiga picha mbili zenye mwanga kamili na kuzijumlisha, utapata karatasi nyeupe. Kwa hiyo zikiwa mbili, kila moja huipa nusu ya mwanga wake. Zikiwa nne, kila moja robo. Kamera nyingi zina namna ya kujigawia zenyewe, lakini waliotengeneza Nikon wanashauri uizime namna hiyo ikiwa nyuma ya mtu pana kiza, na sisi tumeona faida ya ushauri huo. Kutokana na sheria hiyo inafuata nyengine: mahali penye kiza katika picha ya kwanza ni mahali patupu, panangoja kujazwa na ya pili, mahali peupe pamekwisha jaa, hapapokei tena. Mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta utammeza mgeni wake. Akisimama mbele ya mlango wa chumba kisichowashwa taa, pembeni mwake pana nafasi ya dunia nzima.

Tulifika hapa kwa vitendo. Baada ya ile hitma tulikubaliana baina yetu kuwa hatubandiki tena, na haukupita muda tukajaribiwa. Binti mmoja alikuwa anaolewa, na baba yake yuko Mombasa, maradhi hayamruhusu kupanda ndege. Mmoja wetu alikuwa na safari ya nyumbani. Alikwenda kumwamkia mzee, akamweleza, akamwomba avae kanzu na kofia yake na akae mlangoni kwake, chumba nyuma yake kikiwa kiza. Alimpiga picha ile katika faili la RAW, yaani faili ghafi, akaondoka na kadi.

Siku ya harusi tukatumia jambo ambalo 5D Mark III inaliweza na wengi hawalijui: unaweza kuchagua faili la RAW lililomo kwenye kadi, lililopigwa kwa kamera hiyo, na kulifanya ndiyo picha yako ya kwanza, hata kama limepigwa mwezi uliopita, bahari kadhaa kutoka ulipo. Tukamkalisha bi harusi kwenye kochi, pazia la rangi ya zambarau iliyoiva nyuma yake, kulia kwake tukaacha nafasi ya mtu mmoja. Kwenye kioo cha kamera mzee alionekana kwa mbali, amekaa kwenye nafasi ile. Tukafyatua mara moja tu.

Baba yupo kwenye picha hiyo. Uso wake unajulikana, mikono yake iko juu ya mapaja kama anavyokaa siku zote. Lakini mikunjo ya pazia inapita kifuani mwake, na ukiangalia kofia yake unaona nyuzi za dhahabu za ukumbi. Bi harusi aliitazama kwa muda, akasema, "Baba kaja nusu." Kisha akaomba zichapwe tatu, moja ipelekwe Mombasa.

Tunawauliza: kuna mtoto gani, awe na miaka saba au sabini, atakayeishika picha ile na kudhani mzee alipanda ndege? Swali la kwanza la mtoto litakuwa, "Mbona babu anaonekana ndani?" Na hapo ndipo mzazi atakapopata mlango wa kusema, "Kwa sababu hakuweza kuja, mwanangu. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa Mombasa, na sisi tulikuwa hapa." Picha ya kubandika humfunga mzazi mdomo, na akiufungua, huufungua kusema uongo wa pili ili aulinde wa kwanza.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, kwani wapo, na si wajinga.

Wa kwanza wanasema picha hizi ni za mizimu, zinatisha, na zina historia mbaya. Kuhusu historia hawakukosea. Huko Boston, Marekani, katika miaka ya 1860, bwana mmoja aitwaye William Mumler alikuwa akiwapiga picha wafiwa na kuwaonyesha vivuli vya maiti wao nyuma ya mabega yao. Mwaka 1869 alishitakiwa New York kwa udanganyifu, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Hata mjane wa Rais Abraham Lincoln alikwenda kwake, akatoka na picha ya mumewe amemshika mabega, ilhali Lincoln aliuawa mwaka 1865. Na hapa hapa Uingereza, mjini Crewe, alikuwepo William Hope, aliyefanya biashara ileile, na mwaka 1922 Harry Price alimtegea mtego wa vioo vya picha vilivyotiwa alama ya siri, akamnasa amevibadilisha. Pamoja na hayo, walibaki waliomwamini, na miongoni mwao alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes.

Lakini tazameni vizuri kosa la watu hao lilikuwa wapi. Kuweka picha juu ya picha peke yake si kosa. Kosa lilikuwa katika maneno waliyoyasema baadaye: kwamba kamera ilimwona marehemu, kwamba alikuwepo chumbani. Mumler angelisema, "Bibi, nimechanganya picha yako na picha ya mumeo ili uwe na kumbukumbu," tusingekuwa na neno naye. Na aliyembandika bibi yetu harusini, sisi wenyewe, alisema maneno yaleyale ya Mumler bila ya kufungua mdomo. Tofauti ni kwamba Mumler alifikishwa mahakamani.

Wa pili wanasema, mambo haya yalikuwepo kwetu tangu zamani, mbona hamkulalamika? Ni kweli, yalikuwepo, na tunajivunia. Lamu palikuwa na studio ya Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi aliyekata na kuunganisha picha, akawaweka wateja wake ndani ya mapambo na vitu ambamo binadamu hawezi kuwa. Mombasa, pale kwenye feri ya Likoni, palikuwa na wapiga picha na vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na watu walipanga foleni wapigwe mbele yake. Je, yupo aliyedanganyika? Aliyepigwa mbele ya ndege ya rangi ya mafuta alijua, mpigaji alijua, na mama aliyeipokea kijijini alijua pia, akacheka na kuitundika. Michezo ile ilikuwa wazi. Pazia lilikuwa na mikunjo, na kando unaona jiwe lililolishikilia lisipeperuke. Kwa hiyo mnaotutajia Lamu na Likoni mnatutajia mashahidi wetu. Mafundi wale walituachia heshima ya kutoficha pazia, na sisi tuliokuja na kompyuta tukaificha.

Wa tatu ndio wanaotugusa zaidi. Wanasema: mnataka nini? Watu wamefarakana na wazee wao, roho zinawauma, picha moja imewatuliza, nyinyi mnawaletea sheria. Familia yenyewe inajua ukweli.

Familia inajua leo. Picha, ndugu zetu, huishi kuliko wanaojua. Huko nyumbani uongo wa picha ungekuwa na watu wa kuurekebisha: jirani aliyekuwepo, kaburi lililo hatua mia kutoka msikitini, wazee wa barazani wanaokumbuka nani alikuja harusi ya nani na alileta zawadi gani. Sisi hapa hatuna baraza hilo. Watoto wetu wanawajua babu na bibi zao kwa simu na kwa picha, basi. Albamu ndiyo baraza lao, ndiyo kaburi lao, ndiyo jirani yao aliyekuwepo. Ukiitia uongo, huna mahali pengine pa kuwapeleka wakaulize.

Na kuna jambo jengine katika hili la kuwatuliza watu, ambalo linatukera kuliko yote. Bibi yule hakukosa kuja kwa bahati mbaya. Alinyimwa. Mtu aliyekaa nyuma ya meza aliangalia karatasi za mama wa makamo yale, akaamua kuwa hataamini kwamba anakuja kwa wiki mbili na kurudi kwake. Jambo hilo lilitokea kwake na limetokea kwa wazee wengi wa jumuiya hii, na mnawajua. Pengo lililobaki baina ya bwana harusi na mama yake lilikuwa ndiyo alama pekee ya dhulma ile katika historia ya familia. Sisi tukaliziba. Tukalipaka rangi, tukalitilia kivuli, tukamsamehe aliyemnyima viza kabla hajaomba msamaha. Mjukuu wa mjukuu wake ataitazama picha na kuona familia ambayo haikuzuiwa na mtu yeyote kukutana. Hiyo ni kazi ambayo hata huyo mtoa viza asingethubutu kutuomba, na tulimfanyia bure.

Ukiweka picha juu ya picha, pengo linabaki. Bibi anaonekana, na kutokuwepo kwake kunaonekana pamoja naye.

Wa nne wanasema hazipendezi. Hapa tunakubali nusu ya shauri, na lawama tunazigeuza kwa wenzetu wa kamera. Tumeichezea mbinu hii mpaka watu wakaichoka. Kila anayeigundua hukimbilia kupiga kichwa cha mtu mbele ya mbingu nyeupe, halafu akakijaza matawi ya miti au magorofa ya London, akaona ameshakuwa msanii. Ukiona moja umeona elfu. Miti ile haina uhusiano wowote na mtu yule. Ingeweza kuwa karoti. Tunawaambia wenzetu: kabla ya kufyatua mara ya pili, jiulize hii picha ya pili inamhusu nini wa kwanza. Kama huna jawabu, zima hiyo menyu ukale pilau.

Ikipigwa kwa maana, na kwa kufuata sheria ile ya kiza na mwanga, inapendeza. Mtu asiyekuwepo mpige mahali penye kiza nyuma yake, mwanga umwangukie upande mmoja. Aliyepo mwekee nafasi yenye rangi nzito, wala usimkalishe mbele ya dirisha. Usiwapandishe nyuso juu ya nyuso, kwani macho manne katika uso mmoja hayamfurahishi mtu. Waweke ubavu kwa ubavu, na kiacheni kile kinachopita katikati yao kipite. Na jaribuni kabla ya siku yenyewe, sebuleni kwenu, kwa kiti na mtoto mmoja mwenye subira, kwa sababu harusi haimngoji anayesoma kitabu cha maelekezo.

Wapo pia watakaosema tumechelewa, kwamba mambo yote haya ya kamera ni ya kizamani kwa kuwa simu sasa zinafanya kila kitu. Mwaka 2024 Google walitoa simu ya Pixel 9 yenye uwezo wa kumuingiza mpiga picha ndani ya kundi alilokuwa akilipiga: anapiga yeye, anapokezana na mwenziwe, simu inaziunganisha. Kwa hilo hatuna ugomvi mkubwa, kwani aliyeingizwa alikuwepo kweli, alikuwa ameshika simu tu. Ugomvi wetu ni na hatua inayofuata, ambayo imekwishafika: programu za akili mnemba ambazo unaziandikia maneno mawili matatu, nazo zinakuletea bibi amekaa, amecheka, amembeba kitukuu ambaye hajapata kumwona. Ile kazi ya jioni mbili imekuwa ya sekunde chache, na haihitaji tena mtu ambaye dhamiri yake inaweza kumsuta. Ndiyo maana tunaandika sasa. Mlango wa uongo ulipokuwa mzito tuliusukuma kwa jasho, na bado tuliusukuma. Sasa hauna hata komeo.

Watu wa magazeti walijifunza hili kwa aibu. Mwaka 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la Reuters liligundua kuwa mmoja wa wapiga picha wake alikuwa ameongeza moshi kwa kompyuta katika picha ya Beirut. Liliacha kufanya naye kazi, likaziondoa sokoni picha zake zote, zipatazo 920. Picha 920, kwa sababu ya moshi. Sisi tunamuongeza mtu mzima, tunampa na kivuli, na hatuondoi hata moja. Je, albamu ya familia inastahili ukweli mdogo kuliko gazeti ambalo kesho linafungiwa maandazi?

Haya ndiyo tunayoyaomba, na ndiyo tuliyojifunga nayo sisi wenyewe tangu sasa.

Kwanza, hatumbandiki mtu yeyote, hai wala marehemu, kwenye picha ya shughuli ambayo hakuhudhuria. Msituombe, na tusipofanya msiende kumuomba kijana wa kompyuta akufanyieni kwa bei rahisi.

Pili, anayetaka asiyekuwepo awemo, tutampigia picha juu ya picha, kwa idhini ya huyo asiyekuwepo. Akiwa amefariki, tutawauliza wakubwa wa familia, na wakisema hapana, basi ni hapana. Wapo wazee wetu wasioridhia picha za marehemu kuchezewa, na hatutabishana nao msibani.

Tatu, kila picha ya namna hiyo tutaihifadhi pamoja na zile mbili zilizoizaa. Kamera kama ile ya Canon tuliyoitaja hukupa hiari ya kuhifadhi picha zote au matokeo tu, na wengi huchagua matokeo ili kuokoa nafasi kwenye kadi. Kadi ni rahisi. Hifadhini zote.

Nne, nyuma ya picha iliyochapwa paandikwe kwa kalamu isiyofutika: nani alikuwa wapi, na tarehe zote mbili. Mwandiko wa mama au baba unatosha.

Tano, asiyetaka mbinu yoyote, na aache kiti. Kiti kitupu katika picha ya harusi ni picha nzuri kabisa, na hakihitaji kamera ya bei.

Hatuandiki haya kwa kujifanya watakatifu. Ile picha ya asili, isiyokuwa na bibi, bado tunayo. Tumeitafuta kwenye diski za zamani tukaipata. Bwana harusi amesimama na mama yake, na baina yao pana nafasi ndogo, kwani walisogeana kama watu wanavyosogeana wanapopigwa picha, lakini hawakugusana. Mkono wa bwana harusi uko chini, ubavuni, pale ulipokuwa kabla hatujausogeza.

Tumekwenda kwa familia ile. Tumewaomba ruhusa ya kukisimulia kisa hiki bila ya majina, wakakubali, na tunawashukuru kwa ukarimu wao. Tumewaomba pia turuhusiwe kuichapa picha ya asili, kwa gharama zetu, waitundike kando ya ile nyengine, na siku moja, wakati wautakao wao, wamkalishe binti yao mbele ya zote mbili na kumwambia bibi yake baba alikuwa wapi usiku ule na ni kwa nini.

Mpaka tunapeleka makala haya kuchapwa, kuhusu hilo hawajatujibu. Picha iko tayari ndani ya bahasha.